Je, Wajua? Pete ya Mukuku na Mawe Yanayotupita Kando

Je, wajua kwamba kitu kilichovuma kuliko vyote vilivyowahi kudondoka kutoka angani katika Kaunti ya Makueni hakikuwa jiwe? Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha karibu mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilitua katika kijiji cha Mukuku, huko Mbooni. Hakuna aliyeumia. Baada ya siku mbili Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) lilitoa taarifa: kwa uchunguzi wa awali, ile ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Vitu vya aina hiyo huundwa viungue vikirudi angahewani, au viangukie pasipo na watu, kama vile baharini. Mbooni ni milima, matuta na nyumba zilizokaribiana. Bahari iko mbali kweli.

Marco Langbroek, mtaalamu wa Uholanzi anayefuatilia mizunguko ya satelaiti, alisema huenda pete hiyo ilitoka kwenye roketi ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008. Kama ni hivyo, basi ilizunguka juu ya vichwa vyetu miaka kumi na sita kabla ya kushuka.

Wajua tofauti ya kwanza kati ya taka za roketi na jiwe la angani ni mwendo? Chuma kilichokuwa kikiizunguka dunia kwa karibu huingia angahewani kwa kasi isiyofika kilomita 8 kwa sekunde. Asteroidi haiwezi kutugonga kwa chini ya kilomita 11 kwa sekunde, na nyingi huja kwa kasi kubwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana kimondo humulika mara moja na kwisha, ilhali taka za roketi huburura mkia wa moto polepole, mtu akapata hata nafasi ya kuita majirani waje waone.

Tofauti ya pili ni ya kisheria. Chuma kina mwenyewe, jiwe halina. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha chombo italipia hasara yoyote kitakayoisababisha ardhini, bila mlalamikaji kuhitaji kuthibitisha uzembe. Satelaiti ya Kisovieti Cosmos 954 ilipomwaga mabaki yenye mionzi kaskazini mwa Kanada mwezi Januari 1978, Moscow hatimaye ililipa dola milioni 3 za Kanada. Sasa asteroidi ikikuvunjia bati, utamshtaki nani?

*

Je, wajua kwamba siku tatu tu kabla ya pete ya Mukuku kuanguka, darubini ya ATLAS iliyoko Río Hurtado nchini Chile ilinasa nukta moja hafifu ambayo baadaye ilizikosesha usingizi ofisi nyingi za anga duniani? Nukta hiyo ilipewa jina 2024 YR4. Ilikuwa imeshapita karibu nasi siku ya Krismasi, umbali wa takriban kilomita 829,000, yaani zaidi ya mara mbili ya umbali wa mwezi. Ilionekana siku mbili baada ya kutupita.

Wiki zilizofuata, hesabu zilionyesha kwamba huenda ingeigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Uwezekano ulianza ukiwa chini ya asilimia 1, ukapanda, ukapanda tena, hadi tarehe 18 Februari 2025 NASA ikatangaza asilimia 3.1. Asteroidi yoyote ya ukubwa ule au zaidi haikuwa imewahi kupewa namba kubwa hivyo. Ukanda wa hatari ulianzia mashariki mwa Pasifiki, ukakatiza kaskazini mwa Amerika Kusini, Atlantiki na sehemu za Afrika, ukaishia Asia Kusini. Siku sita baadaye namba ikashuka hadi asilimia 0.004, na habari ikazimika.

Wengi walidhani wataalamu wamebabaika. Sivyo. Mwanzoni njia ya jiwe haijulikani vizuri, kwa hiyo mahali linapoweza kupita siku ile ni utepe mrefu mno, na dunia ni kipande kidogo tu cha utepe huo. Kila kipimo kipya huufupisha utepe. Maadamu dunia bado imo ndani, sehemu yake ya utepe inazidi kuwa kubwa, na asilimia inapanda. Kisha siku moja ncha ya utepe inaivuka dunia, na namba inaanguka karibu na sifuri kwa mpigo. Namba kupanda kabla ya kuporomoka ndiyo tabia ya hesabu hizi, na tutaiona tena kwa mawe mengine. Magazeti yatapiga kelele vilevile.

Jina 2024 YR4 ni tarehe iliyofichwa. Kila nusu ya mwezi ina herufi yake: A ni siku kumi na tano za kwanza za Januari, na Y ni nusu ya mwisho ya Desemba. Herufi I hairukiwi kwa bahati mbaya. Inaachwa isije ikachanganywa na moja. R na 4 zinahesabu zamu, na ukizipiga hesabu utapata kwamba hiyo ilikuwa asteroidi ya 117 kusajiliwa katika nusu ile ya mwezi. Mia moja na kumi na saba, katika majuma mawili ya sikukuu!

*

Wajua kwa nini asteroidi hatuzioni mapema? Sababu ya kwanza ni weusi. Bennu, asteroidi iliyotembelewa na chombo cha OSIRIS-REx, hurudisha asilimia 4 tu ya mwanga wa jua unaoipiga. Kumulika kitu cha namna hiyo ni kama kutafuta kipande cha makaa ya Kitui kwenye shimo usiku. Sababu ya pili ni jua lenyewe. Jiwe linalotujia kutoka upande wa jua linakuja mchana, na darubini za ardhini hufanya kazi usiku.

Ndivyo ilivyokuwa Chelyabinsk, Urusi, asubuhi ya 15 Februari 2013. Jiwe la upana wa mita 20 hivi lililipuka juu ya mji bila mtu yeyote kulitarajia, na watu zaidi ya elfu moja wakaumia. Wengi wao walikatwa na vioo. Mwako ulionekana kwanza. Watu wakakimbilia madirishani kutazama. Mshindo ukafika zaidi ya dakika moja baadaye na kuwavunjia vioo usoni. Walimu wa Kitui na Makueni wanaweza kulifundisha hili ndani ya sekunde kumi: ukiona mwanga mkali usio wa kawaida angani, ondoka dirishani.

Kufikia mwishoni mwa 2025, asteroidi zinazokaribia mzunguko wa dunia zilizosajiliwa zilikuwa zimepita 40,000. Zile kubwa, za kilomita moja na zaidi, karibu zote zinajulikana. Shida ni hizi za kati. Za mita 140 na kuendelea, ambazo zikianguka zinaweza kuangamiza kaunti nzima, hazijafika nusu zilizopatikana. Na ndogo za ukubwa wa basi au nyumba? Hizo hupatikana zikiwa mlangoni, au zikiwa zimeshapita.

Mwezi Juni 2025 darubini mpya ya Vera Rubin huko Chile ilionyesha picha zake za kwanza. Katika saa kumi hivi za kutazama ilikuwa imenasa asteroidi 2,104 ambazo hakuna aliyezijua, saba kati yake zikiwa jirani zetu.

Afrika nayo ina jicho lake: ATLAS ina darubini Sutherland, Afrika Kusini. Ndiyo iliyopata 2024 PT5 mwezi Agosti 2024, kijiwe cha mita kumi hivi kilichotembea na dunia kwa majuma kadhaa mwaka huo, vyombo vya habari vikakiita mwezi wa pili.

*

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa Wote au Mwingi anaweza kutafuta asteroidi bila darubini? Upo mpango wa kimataifa uitwao IASC, unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas. Hutuma kwa makundi ya shule na ya raia picha halisi za darubini ya Pan-STARRS iliyoko mlima Haleakalā, Hawaii. Haulipishi. Kinachotakiwa ni kompyuta, intaneti na subira.

Kazi yenyewe iko hivi. Unapewa picha nne za kipande kilekile cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika chache. Programu inazipanga moja juu ya nyingine na kuzirudiarudia harakaharaka. Nyota zinabaki palepale; kilichosogea kwa mstari ulionyooka, kwa hatua zinazolingana, ndicho unachokitafuta. Nukta inayotokea kwenye picha moja na kupotea ni kasoro ya kamera. Ikiruka huku na kule, si kitu. Ikitembea sawasawa picha zote nne, unaibofya, unaangalia kama mwangaza wake umekaa vizuri, unaandika ripoti. Nyingi zitakuwa zimeshajulikana. Na hata ikiwa mpya, inachukua miaka kuthibitishwa na kupewa namba ya kudumu. Kwa maoni yangu hii ni kazi inayomfaa kijana wa kidato cha pili kuliko video nyingi za anga zinazosambazwa kwenye simu, kwa sababu mwisho wake ni kipimo, na kipimo kinatumika.

Kitui iko takriban digrii moja tu kusini mwa ikweta. Kwa mwaka mzima mtu aliyeko pale anaweza kuona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Wanaastronomia wa Ulaya hupanda ndege kutafuta nusu wanayokosa kwao.

*

Je, wajua kwamba asteroidi ya kwanza kugunduliwa angani kabla ya kuanguka iliangukia iliyokuwa jirani yetu, Sudan? Tarehe 6 Oktoba 2008 Richard Kowalski, akiwa Mount Lemmon huko Arizona, aliona kijiwe cha mita nne hivi kikija moja kwa moja. Kiliitwa 2008 TC3. Ilibaki chini ya siku moja. Alfajiri ya tarehe 7 kililipuka juu ya jangwa la Nubia. Miezi miwili baadaye Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na Peter Jenniskens, walipanga wanafunzi kwa mstari mrefu, wakatembea jangwani wakiangalia chini. Hawakutumia mashine. Walitumia macho, na misako ile ilileta vipande mamia vyenye jumla ya zaidi ya kilo kumi. Kwa mara ya kwanza watu walishika mkononi jiwe walilokuwa wamelipima likiwa bado angani.

Mbale, Uganda, 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika arubaini alasiri: mvua ya mawe ya angani ilinyesha juu ya mji. Kijiwe cha gramu chache kilipita kwenye majani ya mgomba, kikapungua kasi, kikamgonga kijana kichwani. Hakudhurika. Migomba haipewi sifa inayostahili.

Thika, 16 Julai 2011, asubuhi ya Jumamosi: mngurumo, kisha mawe mashambani. Zilikusanywa takriban kilo 14.

Duruma, Pwani, 6 Machi 1853: jiwe la zaidi ya nusu kilo. Inasimuliwa kwamba wenyeji walilipaka mafuta, wakalivika nguo na kulipa heshima ya kiungu, hata wamisionari wa Kijerumani waliotaka kulinunua wakakataliwa. Miaka mitatu baadaye Wamasai walivamia, jiwe halikuwatetea watu wake, na wazee wakaliuza. Likaishia Munich.

Rumuruti, Laikipia, 28 Januari 1934. Kilichohifadhiwa Berlin hakifiki hata gramu 70, lakini kundi zima la vimondo duniani, kundi la R, limepewa jina la mji huo.

Na Sericho, Isiolo? Huko wafugaji wa ngamia walipita kando ya mapande makubwa ya chuma kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2016 dunia ikayafahamu. Ni aina adimu: chuma chenye fuwele za kijani ndani yake. Ikikatwa vipande vyembamba na kuangazwa kwa nyuma inapitisha mwanga kama kioo cha rangi. Vipande vyake vinauzwa leo mtandaoni kwa gramu, mbali sana na Isiolo. Hilo linaniudhi kidogo.

*

Je, wajua kwamba Ukambani ni mahali pagumu kutambua kimondo? Ardhi yenyewe inadanganya. Upande wa Kibwezi na milima ya Chyulu kumejaa mawe meusi ya volkano, mepesi, yenye vitundu. Mwonekano wake ni wa kitu kilichoungua, na wengi huapa kwamba yametoka mbinguni. Kanuni ni rahisi: jiwe lenye vitundu vingi si kimondo. Uwanda wa Yatta nao ni lava iliyoganda, ndefu kupita nyingi duniani, na mawe yake meusi yametapakaa kandokando ya mto Athi.

Ukivuka kwenda Ikutha, kusini mwa Kitui, utakutana na udanganyifu mwingine. Kule kuna madini ya chuma, mazito, meusi, na yanashika sumaku. Sumaku peke yake basi haitoshi. Chukua kigae cha sakafuni, ukigeuze upande wa nyuma usio na rangi ya kung'aa, ulisugue jiwe hapo. Likiacha mstari mweusi au mwekundu wa kutu, hilo ni madini ya hapahapa. Kimondo kibichi kwa kawaida hakiachi mstari. Kisha tafuta ganda jembamba jeusi lililokifunika kama rangi iliyopakwa, na pale kilipovunjika ndani pawe na rangi ya kijivu, pengine na chembe za chuma zinazometa.

Ukiona kimeanguka mbele yako: andika saa, piga picha kikiwa palepale na kitu cha kulinganishia ukubwa, usikioshe, kifunge kwenye karatasi safi ya alumini, halafu mpigie chifu. Usikilambe wala usikisage. Huko Mbale wapo waliosaga wakala wakitumaini ni dawa.

Wajua kwamba jiwe lililoanguka kijiji cha Ivuna, kusini magharibi mwa Tanzania, tarehe 16 Desemba 1938, ndilo kipimo ambacho wanasayansi huzilinganisha nacho asteroidi za leo? Lilikuwa na uzito wa gramu 705 tu. Herufi I katika jina la kundi la vimondo vya CI ni ya Ivuna. Ukiondoa gesi kama haidrojeni na heliamu, viambato vyake vinakaribiana mno na vya jua. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kiliporudisha gramu 5.4 za asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020, watafiti walitazama na kusema: hii ni Ivuna. Japani ilitumia miaka sita na safari ya mabilioni ya kilomita kuleta udongo ambao ndugu yake alishajishusha mwenyewe Tanganyika.

Mkoa huohuo, Songwe, ndio wenye kimondo cha Mbozi: chuma kitupu, tani 16 hivi.

*

Tarehe za kuweka kwenye kalenda ziko mbili.

Usiku wa kuamkia 14 Desemba, kila mwaka, vimondo vya Geminidi. Mvua nyingi za vimondo hutokana na vumbi la nyota zenye mkia. Hivi chanzo chake ni asteroidi, Phaethon, yenye upana wa karibu kilomita 6, iliyopatikana mwaka 1983. Lala chali uwanjani kuanzia saa sita usiku, mbali na taa, simu mfukoni. Macho yanahitaji nusu saa kuzoea giza.

Ya pili ni usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi. Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia, karibu zaidi kuliko satelaiti nyingi za televisheni. Haitatugonga, vipimo vya rada vya mwaka 2021 viliondoa hofu hiyo kwa angalau miaka mia moja. Itatokea upande wa Bahari ya Hindi, ivuke ikweta juu ya Afrika, na kufikia ukaribu wa mwisho muda mfupi kabla ya saa saba usiku kwa saa zetu, ikiwa imefika Atlantiki. Itaonekana kwa macho matupu, nukta inayotambaa miongoni mwa nyota. Shida moja: Aprili ni msimu wa mvua ndefu, na mkulima wa Makueni hawezi kuombewa anga kavu mwezi huo kwa ajili ya jiwe.

Na ingekuwa inatugonga? Tarehe 26 Septemba 2022 NASA ilikigongesha makusudi chombo cha DART kwenye Dimorphos, asteroidi ya mita 160 hivi inayoizunguka kubwa yake. Mzunguko uliokuwa wa saa 11 na dakika 55 ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo inawezekana kulisukuma jiwe, mradi limeonekana miaka mingi kabla.

*

La mwisho: wajua kwamba ziko asteroidi ziitwazo Kenya, Uganda, Mombasa, Pemba na Ruvuma? Zote tano ziligunduliwa Johannesburg na Cyril Jackson katika miaka ya 1930, na zote ziko mbali, kati ya Mirihi na Mshtarii. Kwa zile zinazotukaribia desturi ni nyingine: hupewa majina ya wahusika wa hadithi za kale, mgunduzi ndiye anayependekeza, na jina lisizidi herufi kumi na sita. Mwanafunzi wa Ukambani atakayebahatika asihangaike na vitabu vya Kigiriki. Syokimau, aliyetabiri nyoka wa chuma kabla ya reli kufika, ana herufi nane tu.